Kutoka Tunguu mpaka New Concord

Nilitua Columbus, jimbo la Ohio, usiku wa mwezi wa Machi, theluji nyembamba ikidondoka. Nilikuwa nimechoka vibaya, lakini jina la uwanja wa ndege lilinisimamisha nikiwa na begi mkononi: John Glenn, mwanaanga wa Kimarekani. Uwanja umepewa jina lake tangu 2016, mwaka huohuo aliofariki. Mtoto wa ami yangu aliyekuja kunipokea alidhani nimepoteza kitu.

"Vipi, kaka?"

"Huyu mtu namjua," nikamwambia. "Marehemu babu alikuwa akimtaja sana."

Ni kweli. Kwetu ni Tunguu, nje kidogo ya mji wa Unguja. Leo ukiitaja Tunguu watu watakwambia SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa. Babu yeye aliuza madafu kando ya barabara ile miaka ya mwanzo ya sitini, na kwake Tunguu ilikuwa ni antena za Wamarekani. NASA, shirika la anga la Marekani, ilijenga kituo pale cha kuwasikiliza watu watakaokwenda angani. Wakati ule hakukuwa na setilaiti za kupokezana mawasiliano. Sauti ya rubani ilisikika tu chombo kikiwa juu ya upeo wa macho, dakika chache, kisha kinazama upande wa pili. Ndiyo maana vituo vilitawanywa dunia nzima, vingine melini. Chombo kikitoka Kano, Nigeria, kinachofuata kukipokea ni Zanzibar. Wenyeji wengi hawakuamini maelezo hayo. Palikuwa na maandamano ya kukipinga kituo, watu wakihofia kwamba ni pahala pa kurushia makombora. Siwalaumu, nchi ilikuwa bado chini ya Mwingereza, na hakuna aliyekuja kuwauliza. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali iliamuru kifungwe, na Aprili mwaka huo kikafungwa.

Siku ya tatu tukashika barabara ya I-70 kuelekea mashariki. Ukitoka Columbus nchi ni tambarare, mashamba ya mahindi yaliyovunwa, mabua yamebaki mafupi kwenye theluji. Kisha vilima vinaanza kuinuka pole pole, unapita Zanesville, na baada ya kilomita mia na kidogo unaingia New Concord, kimji cha barabara kuu moja chenye chuo juu ya kilima. Hapa ndipo Glenn alipokulia. Alizaliwa 18 Julai 1921, mji wa jirani wa Cambridge. Baba yake alikuwa fundi bomba. Skuli ya sekondari sasa ina jina lake.

Nyumba waliyoishi wazee wake imefanywa makumbusho, lakini siku ile mlango ulikuwa umefungwa. Nilisikitika, sitaficha. Tukakaa nje, na mikono yangu ikawa inauma kwa baridi nikifungua simu.

Nilichokuwa nacho kwenye simu ni maandishi ya mazungumzo yake yote ya redio ndani ya chombo chake, Friendship 7, neno kwa neno, yaliyochapishwa na NASA wenyewe. Yamepangwa kwa vituo. Nilishuka, nikashuka, mpaka nikalikuta jina letu. Tarehe 20 Februari 1962 aliruka kutoka Cape Canaveral saa 3:47 asubuhi ya kwao, na kwetu ilikuwa saa 11:47 jioni. Haikufika saa nzima, akawa anaita Zanzibar. Daktari wa zamu pale Tunguu alimpima presha kwa mbali, akamtaka afanye mazoezi, naye akavuta kamba ya mpira iliyofungwa mbele yake. Ndivyo walivyokuwa wakitafuta kujua kama moyo wa binadamu unastahimili huko juu. Kisha akatupita, akaingia juu ya Bahari ya Hindi, na huko ndiko alikoliona jua likizama kwa mara yake ya kwanza angani.

Alizunguka dunia mara tatu kwa muda wa karibu saa tano, Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo. Mengine yanajulikana: kile kiashirio kilichodai ngao ya kukikinga chombo na joto imelegea, vipande vya moto vilivyopita dirishani wakati wa kushuka. Baadaye alikuwa seneta wa Ohio kwa miaka 24, akagombea urais akashindwa, na 1998, akiwa na miaka 77, akarudi angani siku tisa ili wataalamu wachunguze uzee.

Mimi lakini, pale barabarani New Concord, nilimfikiria zaidi mkewe, Annie. Binti wa daktari wa meno wa mji huohuo, walicheza pamoja tangu hawajajua kusema. Alikuwa na kigugumizi kikali, hata kupiga simu au kumwambia muuza duka anachotaka kulimshinda. Januari 1962 safari ilipoahirishwa, Makamu wa Rais Lyndon Johnson alitaka kuingia nyumbani kwake na watu wa televisheni. Annie akakataa. Wakubwa wakamshinikiza mumewe, naye akasema mke wangu akikataa, niko naye. Mtu ameahidiwa safari ambayo kila rubani anaitamani, na anasimama hivyo! Kwangu hilo ni kubwa kuliko mizunguko mitatu.

Kila Glenn akiondoka kwenda hatarini alimwambia mkewe anakwenda dukani tu kununua jojo, na Annie akimjibu asikawie. Mwaka 1973 Annie alipata mafunzo ya wiki tatu ya kutibu kigugumizi huko Virginia, akampigia mumewe simu mwenyewe, akamwambia kwamba miaka yote alikuwa na neno la kumwambia: aokote soksi zake. Glenn walimzika kwenye makaburi ya taifa ya Arlington 6 Aprili 2017, siku waliyotimiza miaka 74 ya ndoa. Annie alimfuata 2020, akiwa na miaka mia.

Nikatazama saa. Kwetu magharibi ilikuwa inakaribia, kama siku ile. Nikampigia baba.

"Shikamoo, baba. Niko kijijini kwa yule Mmarekani wa babu."

"Marahaba, mwanangu. Wacha wee!" Akanyamaza kidogo. "Babu yako alikaa barabarani mpaka giza siku ile, akitazama juu. Hakuona kitu. Alikuwa akisema nini alipopita hapa?"

Nikamsomea, nikigeuza Kiswahili kadiri nilivyoweza: presha, kamba ya mpira, kwamba anajisikia vizuri. Baba alisikiliza kimya. Nyuma yake nikasikia msikiti wa kwetu unaanza kuadhini.

"Ngoja nikaswali," akasema. "Nikirudi unisomee tena, na mama yako asikie."