Nilivyozoea kutaja pete zilizoungana, kwa karatasi za dawa

Kama wasoma kemia ya ogani na umefika kwenye zile pete mbili za atomu zilizogandana upande mmoja, moja ina naitrojeni nyengine ina oksijeni ama salfa, basi wajua mateso ninayoyasema. Jina lenyewe lakuja hivi: furo[3,2-b]piridini. Mabano, namba, herufi, kistari, yaani mtu waweza kudhani ni paswadi ya waifai. Lekchara wetu alipita nayo mbio akaenda zake.

Kilichonitoa mimi ni kemist ya shangazi yangu huku Kisauni. Jioni huwa namsaidia kaunta, na paketi za dawa zina ile karatasi ndefu iliyokunjwa-kunjwa ya maelezo, nyingi zimeandikwa jina kamili la kemikali na mchoro wake. Nikawa nafunika mchoro kwa kidole, nasoma jina, nachora pete nyuma ya risiti alafu nalinganisha. Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, hizo karatasi wazisoma ama wazichora?" Nikamwambia vyote viwili shangazi, akacheka akaendelea na wateja wake.

Kitu cha kwanza ni kujua pete gani ndio mama, ile inayobaki mwisho wa jina. Hapa sheria za IUPAC, shirika la kimataifa la kemia (zile za 1998 ndizo watu wanazifuata) ziko wazi: penye naitrojeni ndio mama. Furani (pete ya atomu tano yenye oksijeni) na piridini (ya atomu sita yenye naitrojeni), mama ni piridini, furani anakuwa "furo" mbele. Zote zikiwa na naitrojeni waangalia yenye pete nyingi zaidi, zikilingana hapo ndio waenda kwa pete kubwa, ndio maana imidazoli (pete ya atomu tano, naitrojeni mbili) ikiungana na piridini mama ni piridini. Hii haikunipa shida sana.

Shida ni mabano. Herufi ni za pete mama: upande wa 1 hadi 2 ni a, 2 hadi 3 ni b, 3 hadi 4 ni c, waendelea hivyo. Namba ni za ile pete ya pembeni, atomu zake zilizoungana. Sasa mbona kuna [2,3-b] na kuna [3,2-b] na upande ni ule ule? Hii ndiyo iliyokuwa yanikosesha usingizi, manake nilidhani ni mtindo tu wa kuandika. Kumbe ni mwelekeo! Weka penseli kwenye piridini, tembea upande b kutoka kaboni ya 2 kwenda ya 3. Sasa angalia furani, ukitembea njia hiyo hiyo wakutana na namba gani kwanza? Ukianza na 2, yaani ile kaboni iliyoshikana na oksijeni, basi oksijeni na naitrojeni zote mbili zimeshika kaboni moja, hiyo ni [2,3-b]. Ukianza na 3, oksijeni iko kaboni ya pili mbali na naitrojeni, hiyo ni [3,2-b]. Dawa mbili tofauti kabisa hapo.

Alafu kuna jambo ambalo naona halisisitizwi vya kutosha: namba za ndani ya mabano si namba za mwisho za molekuli. Ni bandi ya fundi cherehani, nguo ikishashonwa yachomolewa. Ukimaliza jina waanza kuhesabu upya kuzunguka pete zote mbili kwa nje, na watafuta atomu zisizo kaboni zipate namba ndogo iwezekanavyo. Kwa furo[3,2-b]piridini oksijeni yawa 1 na naitrojeni yawa 4. Kwa [2,3-b] ni 1 na 7. Kaboni za pale kwenye muungano hazipewi namba yao, zapewa herufi tu, 3a na 7a.

Alopurinoli ndiyo iliyonifungua macho hapa, ile dawa ya gauti ambayo wazee wengi huja kuichukua. Ni pirazolo[3,4-d]pirimidini, yaani pirazoli (pete ya atomu tano, naitrojeni mbili) imeungana na pirimidini (ya atomu sita, naitrojeni mbili). Kaboni ya 3 ya pirazoli, ukihesabu upya yawa 7a, na ile ya 4 yawa 3a. Naitrojeni zakaa 1, 2, 5 na 7. Ukichanganya hesabu mbili hizi utaandika oksijeni mahali siko. Na usiilinganishe namba kwa namba na purini, pete mbili nyengine zenye naitrojeni nne, ijapokuwa zafanana sana kwa sura, manake purini (jina la Emil Fischer, yule Mjerumani wa Nobel ya 1902) imeachiwa hesabu yake ya zamani, hata kaboni za muungano zina namba zao, 4 na 5. Ndio maana oksijeni ya alopurinoli iko 4 na ya haipozanthini, purini yenye oksijeni, iko 6 na ukichora ni pale pale.

Zolpidemu, dawa ya usingizi, ina kituko chake, imidazo[1,2-a]piridini. Naitrojeni moja imekaa kwenye muungano wenyewe, kwa hivyo yahesabiwa kwa pete zote mbili wakati wa kutaja jina, na tofauti na kaboni hiyo yapata namba yake kamili, 4. Jirani yake wa kaboni ndio 8a.

Sasa hivi nahangaika na alprazolamu, dawa ya wasiwasi, [1,2,4]triazolo[4,3-a][1,4]benzodiazepini. Mabano matatu! Ya kwanza na ya mwisho yasema tu naitrojeni za kila kipande zilikuwa wapi kabla ya kuungana, ya katikati ndiyo ya kuunganisha. Atomu ya nne ya triazoli (pete ya atomu tano, naitrojeni tatu) ni naitrojeni, na upande a waanzia naitrojeni ya 1 ya benzodiazepini, kwa hivyo ni naitrojeni moja tu, usichore mbili. Nikifanya hesabu ya mwisho yatua namba 11.