Kabla ya kumpima Edison tabia, pima shaba

Mpe mwanafunzi wa uongozi kisa cha vita vya DC (umeme ambao mkondo wake unakwenda upande mmoja) na AC (ule ambao mkondo wake unageuka huku na huku) kule Marekani, na mara nyingi insha itarudi na hukumu moja: Edison, muuzaji wa DC, alikuwa mbishi, Westinghouse, muuzaji wa AC, aliona mbali, basi. Hukumu hiyo inavutia kwa sababu ina watu ndani yake. Ubaya wake ni kwamba haijagusa waya hata kidogo.

Tuanze na waya. Chukua mzigo wa kilowati 10, kilomita 1 kutoka kituoni, na ukubali kupoteza asilimia 10 ya volti njiani. Kwa volti 110, ambazo Edison aliwashia kituo cha Pearl Street, New York, tarehe 4 Septemba 1882, mkondo ni kama ampia 91. Waya wa kwenda na kurudi una mita 2,000, na ukinzani wake wote usizidi omu 0.12. Hapo unahitaji waya wa milimita za mraba 284, yaani tani 5 za shaba na ushee. Sasa pandisha volti hadi 1,000. Mkondo unashuka hadi ampia 10, waya unakuwa milimita za mraba 3.4, shaba kilo 62. Mzigo uleule, umbali uleule. Na ukiongeza umbali mara mbili, shaba inaongezeka mara nne, kwa kuwa waya unarefuka na papo hapo lazima unenepe.

Edison aliijua hesabu hii kuliko wengi wanaomlaumu. Mfumo wake wa nyaya tatu, uliowashwa Sunbury, Pennsylvania, mwaka 1883, ulishusha shaba hadi asilimia 37.5 hivi ya ile ya awali. Tani zetu 5 zinakuwa chini ya 2. Ulikuwa ubunifu mzuri, ila bado ni umeme wa mtaa. Kupandisha volti kituoni na kuzishusha mlangoni kwa mteja kunataka transfoma, na transfoma haielewani na DC: ukiiunganisha, upande wa pili hautoi kitu, na upande wa kwanza unapata moto mpaka uungue.

Basi jibu, yaani AC, si lilikuwa wazi? Angalia tarehe, maana hapa ndipo insha nyingi huteleza. William Stanley, akifanya kazi kwa Westinghouse, aliwasha mji wa Great Barrington, Massachusetts, kwa AC na transfoma mwezi Machi 1886. Wakati huo AC haikuwa na mota ya maana ya kuuzia viwanda wala mita ya kumlipisha mteja. DC ilikuwa na vyote viwili, na betri za akiba juu yake. Mita ya AC ya Oliver Shallenberger ilikuja 1888. Mwaka huohuo, mwezi Mei, mvumbuzi Nikola Tesla alieleza mota yake ya AC mbele ya wahandisi, na Julai Westinghouse akapata haki za hataza zake kwa makubaliano yenye mrabaha wa dola 2.50 kwa kila nguvu farasi. Kwa hiyo anayemhukumu Edison wa 1886 kwa kutumia vifaa vya 1888 amempa mtihani wenye maswali ambayo hayakuwa yametungwa.

Baada ya 1888 ubishi wake ni mgumu zaidi kuutetea kiufundi, lakini kibiashara ana la kusema. Alikuwa na vituo zaidi ya 100 vya DC, na viwanda vya kutengeneza vifaa vyake. Westinghouse alikuwa ametajirika kwa breki za hewa za treni, na alikuwa na kidogo sana cha DC cha kulinda. Fanya jaribio la kubadilishana viti: mweke Westinghouse kwenye kiti cha Edison, na vituo vile vyote, kisha uliza angefanya nini mwaka 1888. Kama jibu ni “karibu vilevile”, basi unachoeleza ni kiti, si tabia. Wanasaikolojia wana jina la mtego huu: kosa la msingi la uhusishaji, neno lililoenezwa na Lee Ross mwaka 1977. Tunaona mtu, hatuoni mahali aliposimama.

Tabia inaonekana wapi, basi? Katika namna ya kupigana. Desemba 1887 Edison alimwandikia Alfred Southwick, daktari wa meno wa Buffalo aliyekuwa kwenye tume ya kutafuta njia mpya ya kuwaua wahalifu waliohukumiwa kifo, akipendekeza mashine za AC na kumtaja Westinghouse kwa jina. Mwaka uliofuata Harold Brown, mhandisi wa umeme aliyeipinga AC, alipewa nafasi katika maabara ya Edison, na wanyama wakauawa kwa AC ili watu waogope. Agosti 1890 William Kemmler, aliyehukumiwa kifo, akauawa kwa umeme katika gereza la Auburn, kwa jenereta ya Westinghouse, na mshtuko wa kwanza haukumwua. Hakuna hesabu ya shaba inayomlazimisha mtu kufika huko. Hata hivyo, mwanauchumi Paul David aliisoma kampeni hiyo kama mbinu ya kuvuta muda wakati Edison anajitoa kwenye biashara ya umeme. Mwaka 1892 kampuni yake iliunganishwa na kampuni ya Thomson-Houston ikawa General Electric, jina la Edison likiwa limeondolewa.

(Tembo Topsy mwachie pembeni. Aliuawa kwa umeme Coney Island, New York, mwaka 1903, miaka zaidi ya 10 baada ya muungano huo. Kumweka kwenye “vita vya AC” ni kosa linalorudi kila mwaka.)

Ukitaka kupima tabia kwa kweli, kuna namna. Tumia sifa kubwa tano ambazo wanasaikolojia hupimia tabia: kupenda mambo mapya, umakini, uchangamfu, upole kwa wengine, na wasiwasi. Kusanya barua na kumbukumbu za kabla ya uamuzi unaouchunguza, futa majina na tarehe, wape wasomaji wawili au watatu wasiojua nani alishinda, kila mmoja atoe alama peke yake, kisha linganisha. Wasipokubaliana, tatizo liko kwenye nyaraka au kwenye kipimo. Usichukue wastani ukaendelea kana kwamba mambo shwari. Wasifu ulioandikwa baada ya ushindi usiuguse, maana mshindi hupakwa rangi ya busara hata kwenye makosa.

Na usitarajie makubwa. Uchambuzi wa Timothy Judge na wenzake wa mwaka 2002, uliounganisha tafiti nyingi, uliona sifa zote tano kwa pamoja zina uhusiano wa 0.48 na uongozi, kwa kipimo ambacho 1 ni uhusiano kamili. Ukizidisha namba hiyo kwa yenyewe unapata asilimia 23, ndiyo sehemu ya tofauti za uongozi inayoelezwa na tabia. Sehemu kubwa inabaki nje ya tabia. Uchangamfu peke yake ni 0.31, upole, 0.08. Na Westinghouse huyohuyo, mwenye tabia zilezile za kukopa na kupanua, alipoteza udhibiti wa kampuni yake katika msukosuko wa fedha wa 1907. Nadharia yako ya mwenye maono ieleze na hilo pia.

Jambo la mwisho la kupanga kabla ya kuandika ni maana ya “kushinda”, pamoja na mwaka wake. AC ilipata taa za maonyesho ya Chicago mwaka 1893, na Novemba 1896 umeme wa Niagara ukafika Buffalo. Lakini DC haikuzimwa. Mashine ya kuzunguka iliyogeuza AC kuwa DC iliwezesha mitaa ya zamani kuendelea na nyaya zake, na New York ilikata laini yake ya mwisho ya DC mwaka 2007. Leo kwa masafa marefu sana DC ya volti kubwa imerudi, kwani vifaa vya kisasa vya elektroniki vinaipandisha na kuishusha bila shida ile ya 1886. Laini ya Inga hadi Kolwezi, huko Kongo, kilomita zipatazo 1,700, inabeba DC tangu miaka ya 1980.