Jogoo wa Laki Nne na Magunia ya Mama wa Lupembe

Mshauri wa kwanza tuliyemlipa atuonyeshe namna ya kukiokoa chuo chetu cha kanisa na ukata alitoka Dar es Salaam na begi la magurudumu. Chuoni kwetu hakuna lami kutoka getini hadi ofisini, kwa hiyo begi alilibeba mlinzi kichwani. Alikaa siku tatu, kila siku kuku, akatuachia kitabu cha kurasa sitini na kitu ambacho ukikikamua unapata maneno manne: ongezeni ada, punguzeni watumishi. Nauli yake ya ndege hadi Songwe, gari la kumfuata na posho vilimeza karibu mishahara ya walimu wawili ya mwezi mzima. Hundi niliiandika mimi mwenyewe. Nilikuwa mhasibu.

Sasa nimestaafu, nina muda wa kukereka. Juzi nimesikia chuo kingine cha kanisa huku huku Nyanda za Juu Kusini nacho kinamtafuta mshauri. Basi nieleze yetu, bure, hata kuku sidai.

Ilikuwa 2016, mwaka ule kila mtu alikuwa anasema vyuma vimekaza. Serikali ilikuwa imesimamisha ajira mpya ikihakiki vyeti na watumishi hewa, na mzazi anakuuliza usoni: mtoto nimsomeshe astashahada ili akakae wapi? Mikopo ya Bodi ilikuwa ya wa shahada, wetu hawamo. Januari ya mwaka huohuo ilianza elimu bila malipo hadi kidato cha nne, jambo jema kabisa, ila nilipata wazazi wawili watatu walionijia wakiamini na sisi tumeingizwa humo.

Wahisani? Tangu wamisionari wa Berlin wafike Konde, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mwaka 1891, sisi Walutheri wa huku tumezoea kutazama Ujerumani tukibanwa. Marafiki zetu wa kule ni watu wema sana, walitujengea maktaba, ina kibao cha shaba ukutani. Lakini hela zao zilikuwa za jengo. Ukiwaambia mkutubi hajalipwa miezi minne wanakusikitikia, kisha wanauliza kama paa linavuja.

Tulianza na ushauri wa mshauri. Tukapandisha ada. Halafu, kwa busara zetu wenyewe, tukaweka meza mlangoni mwa ukumbi wa mtihani: asiyemaliza ada haingii. Wanafunzi walikuwa kama mia na sabini. Tulirudisha nyumbani sitini hivi wakatafute hela, na ishirini na wawili kati yao sijawaona mpaka leo. Wale ishirini na wawili walikuwa wameshalipa nusu au zaidi, na muhula uliofuata wangelipa tena. Nilipiga hesabu hiyo baadaye, usiku, nikaifuta kwa aibu.

Baada ya hapo ndipo likaja wazo la harambee.

Harambee ile nitaisimulia vizuri kwa sababu niliilipia. Kamati ya maandalizi ilikuwa na watu kumi na tisa, kila kikao chai na maandazi. Tukachapa kadi za michango za rangi. Tukakodi maturubai, viti, spika za muziki kutoka Makambako. Tukanunua ng'ombe. Mgeni rasmi tulimpata mtu mkubwa, mfanyabiashara, jina lake libaki na yeye. Ratiba ilisema atawasili saa nne asubuhi. Alifika saa nane na nusu, na kwa muda wote huo kwaya tano ziliimba mpaka kwaya ya vijana ikarudia wimbo wa kwanza. Pilau ilishaliwa na watu ambao hakuna aliyewaalika.

Kisha mnada. Kulikuwa na jogoo mwekundu, mzuri kweli, kaletwa na mwinjilisti mmoja wa mtaani. Jogoo akaanza elfu ishirini. Mtu akamchukua kwa laki moja, makofi, vigelegele, naye akasimama akasema, "Nimempokea, na ninamrudisha kwa Bwana auzwe tena." Akauzwa laki na ishirini. Huyo naye akamrudisha. Jogoo alizunguka pale mbele mara nne, mshereheshaji kamshika miguu, kichwa chini, na mimi niko mezani naandika kwenye daftari kwa mkono unaotetemeka kwa furaha: jumla laki nne na nusu kwa jogoo mmoja. Mgeni rasmi akaahidi milioni kumi na tano. Walioongozana naye, hawakutaka kuonekana wadogo, wakaahidi mbili mbili, tatu tatu. Jioni nilimsomea Mkuu wa chuo jumla: kama milioni arobaini na saba. Mchungaji akapiga magoti palepale kwenye nyasi.

Taslimu mezani ilikuwa milioni sita na kidogo. Gharama za siku ile, ukijumlisha ng'ombe, spika na yale maandazi ya vikao, tano na nusu.

Ahadi nilizifuatilia miezi saba. Mwanzo wanapokea: "Mtumishi, wiki ijayo, nipo safarini." Baadaye ni yule dada wa kwenye simu, mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Mmoja aliandika hundi, ikarudi. Katika wanunuzi wanne wa jogoo hakulipa hata mmoja, kwa sababu kila mmoja aliona ameshamrudisha. Jogoo mwenyewe alibaki chuoni. Aliishi nyuma ya jiko miaka miwili, akiwika saa tisa usiku karibu na bweni la wasichana, na wanafunzi walimwita Laki Nne.

Kilichonichoma zaidi ni hiki: Jumapili iliyofuata nilikuwa kanisani usharikani kwetu, mnada wa kawaida baada ya ibada, mayai, boga, mkungu wa ndizi. Kila kitu kilinunuliwa kwa bei ya kibinadamu na hela ikatolewa palepale, maana muuzaji na mnunuzi watakutana kisimani kesho. Nililiona hilo na sikulielewa. Nililielewa Agosti 2017.

Mwezi huo alikuja mama mmoja kutoka upande wa Lupembe. Lori lilimshusha getini na magunia matano ya mahindi. Binti yake alikuwa mwaka wa pili, maendeleo ya jamii. Akanisalimia, "Kamwene, baba," akakaa kwenye benchi, akasema hayo ndiyo ada.

Mtakumbuka 2017. Mwezi wa sita serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, na huku kwetu mavuno yalikuwa mengi. Bei ilianguka hadi mtu anaona aibu kuitaja. Wanunuzi walikuwa wanapita vijijini wakitaka rumbesa, gunia lina kilemba juu kama bibi harusi, kwa elfu ishirini na kitu. Mama alikataa kuwauzia.

Nami, kwa elimu yangu yote, nikamjibu: "Mama, hapa si sokoni. Ada inalipwa benki."

Akanitazama. Hakukasirika. Akauliza tu, "Hao watoto mnawalisha nini, baba?"

Mkuu wa chuo alikuwa amesimama mlangoni. Hakunisemesha mbele ya mama, lakini mama alipoenda kunywa chai akaniuliza, "Unga tunanunua wapi?" Nikamwambia, kwa yule mwenye duka la jumla, kwa mkopo. "Bei gani?" Kama elfu moja na mia kwa kilo, kwa sababu ni mkopo. "Na deni letu kwake?" Nikakaa kimya. Deni letu kwake lilikuwa milioni nne na zaidi, na alikuwa ameanza kutuletea unga wenye wadudu akijua hatuna mdomo wa kusema.

Kilo mia za mahindi, ukisaga dona, unapata karibu kilo mia za unga. Tulimpa mama elfu arobaini kwa gunia la kilo mia, la kupima, si rumbesa. Kwake ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya wale wa lori. Kwetu unga ukawa chini ya nusu ya bei ya duka, hata ukiweka hela ya kusagia. Mabweni yetu yalikuwa yanakula kama gunia moja kwa siku. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu kwa kalkuleta nikidhani nimekosea nukta.

Tukatangaza kwenye sharika, wachungaji wakasoma baada ya matangazo ya ndoa. Kanuni ya kwanza ilikuwa mizani. Usikubali debe, usikubali gunia kwa macho. Tulinunua mizani ya kuning'iniza, laki na nusu hivi, na mzazi anasoma namba mwenyewe na kuitamka kwa sauti kabla sijaandika. Stakabadhi mbili: moja ya mzigo ghalani, nyingine ya ada, na zinatajana namba. Mkaguzi wa hesabu alipokuja alikuna kichwa, akatafuta kosa siku nzima, hakulipata.

Kanuni ya pili ilinigharimu. Mwaka ule wa kwanza tulipokea mahindi mabichi. Nilidhani hindi ni hindi. Baada ya wiki sita ghala likanuka, nikafungua gunia, ndani kuna joto kama mgonjwa, na ukungu wa kijani. Magunia thelathini na kitu yalikwenda shimoni, maana ukungu huo ndio unaozaa sumukuvu na siwezi kulisha watoto wa watu. Aliyeniokoa ni mpishi wetu. Si bwana shamba, mpishi. Alichukua chupa tupu ya soda, kavu kabisa, akajaza punje hadi thuluthi moja, akatia vijiko viwili vya chumvi iliyoanikwa juani, akaziba kwa gunzi, akatikisa, akaiacha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana maji, rudi nayo ukaanike. Kioo kikibaki safi, pokea. Tangu siku ile kuna chupa sita kwenye dirisha la ghala, na wazazi wengine sasa wanajipima wenyewe nyumbani kabla ya kukodi gari. Ukiwa na hela kidogo nunua ile mifuko isiyopitisha hewa, dumuzi wanakufa humo bila dawa.

Kosa la pili lilikuwa la ulafi. Mwaka uliofuata kila mzazi alileta mahindi. Ghala likajaa, tukaweka mpaka kwenye chumba cha kompyuta, na mwisho wa mwezi benki hamna kitu. Mwalimu wa TEHAMA aliniambia, "Mzee, mwenye nyumba wangu hapokei dona." Ndipo tukaweka kikomo: mazao yasizidi theluthi moja ya ada, yaliyobaki hela, ila hela ilipwe Julai hadi Septemba na si Januari. Januari mkulima wa huku ameshaizika hela yote kwenye mbolea. Sisi kwa miaka tulikuwa tunamdai mtu mwezi ambao hana, halafu tunamwita mdaiwa sugu.

Kuni tuliacha kununua, tukafuata mabanzi ya paina kwenye viwanda vya mbao. Hilo halihitaji maelezo.

La NSSF, mfuko wa pensheni za watumishi, nalitaja kwa kifupi kwa sababu linaniuma. Kulikuwa na miezi tulikata fungu la watumishi kwenye mishahara, tukalila, tukisema tutarudisha. Asilimia ishirini ya mshahara, fungu la mtumishi na la mwajiri pamoja, haionekani kubwa mpaka irundikane na adhabu juu yake. Tulikaa miaka miwili tunalipa deni hilo. Ukibanwa, chelewesha karibu kila kitu kingine kabla ya hicho. Na watumishi waambie ukweli. Mimi nilianza kubandika taarifa ya benki kwenye ubao wa chumba cha walimu, kila tarehe ishirini na tano, salio lote linaonekana. Wiki ya kwanza Mkuu aliniuliza kama nimerukwa na akili. Minong'ono kwamba mhasibu anajenga nyumba Njombe mjini ilikwisha mwezi huohuo. (Nyumba nilikuwa najenga kweli, ila kwa mkopo wa SACCOS, na haijaisha.) Mwezi wenye nusu mshahara walipokea nusu, na walimu wawili tu waliondoka.

Corona ilipokuja, vyuo vikafungwa Machi 2020, ghala limejaa na hakuna mlaji hata mmoja. Wengine wangelia. Tuliuza sehemu Aprili na Mei, kabla mavuno mapya hayajaingia sokoni, kwa bei ambayo sikuitegemea, na walimu wakapata nusu nusu zao hadi tulipofungua tarehe mosi Juni. Nilitembea kifua mbele pale chuoni kama vile corona niliipanga mimi.

Dona wanafunzi hawakuipenda. Walifanya mgomo wa siku moja, tukakubaliana sembe Ijumaa na Jumapili. Chuo hakijatajirika. Muhula uliopita bado kulikuwa na mwezi wa nusu, ubao ulionyesha, na mhasibu mpya, kijana mzuri tu, alinipigia kuniuliza kama afute ule mstari wa ahadi za harambee kwenye vitabu, miaka yote hiyo. Nikamwambia za mgeni rasmi afute. Za jogoo aziache.