Siku nzima na kidole cha pete

Saa 1:30 asubuhi nawasha leza ninayoitumia kupima mtiririko wa damu kwenye ngozi ya vidole, kabla sijavua hata koti. Lazima ipate joto na kutulia kwanza, la sivyo mwanga wake unayumba.

Saa 2:15 napima kipande cha plastiki nyeupe. Plastiki haina damu, kwa hiyo ramani ya mtiririko kwenye skrini ingepaswa kubaki ya buluu tupu: buluu ni utulivu, nyekundu ni mwendo. Leo imejaa nyekundu! Nahangaika robo saa nzima, kumbe meza inatikiswa na feni ya kompyuta niliyoiweka hapo jana jioni. Naishusha chini, plastiki inatulia.

Hapo ndipo penye taabu ya kazi hii. Leza ikimulika ngozi, mwanga unaorudi unatengeneza madoadoa. Chembe nyekundu za damu zikipita, madoadoa yanacheza, na kamera inayofunguka kwa milisekunde chache inayaona yamefifia. Yakififia zaidi, mtiririko ni mkubwa zaidi. Watafiti Fercher na Briers walilitoa wazo hili mwaka 1981. Ila kamera haijui ni nini kilichosogea: damu, kidole au meza.

Saa 3:00 anaingia mama mmoja wa makamo. Anakaa dakika 20 vidole vipate joto, maana baridi hubana mishipa. "Mwanangu, kahawa umeninyima, sasa hata kusogea?" Namwomba radhi.

Saa 3:40, darubini. Tone la mafuta kwenye ngozi ya ukingo wa kucha ya kidole cha pete, mwanga wa kijani, na kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, zinajitokeza nyeusi kama vibanio vya nywele vilivyopangwa safu, kwa sababu himoglobini, kile kinachoipa damu rangi nyekundu, hunyonya sana kijani. Chembe moja nyekundu ina upana wa mikromita (elfu moja za milimita) 7 hadi 8. Mshipa ukiwa mwembamba kuliko hapo, inajikunja ipite. Naitazama miaka yote na bado naisahau saa.

Saa 4:30 narudi kwenye leza, namfunga mkanda wa presha mkononi. Dakika 3 damu imezuiwa, ramani inapoa, lakini haifiki sufuri: chembe zilizokwama bado zinatikisika papo hapo. Naufungua, nyekundu inafurika hadi ncha za vidole. Mama anacheka, kidole kinatikisika, sekunde 10 za data zimekwenda.

Mchana wote ni kukata video. Karibu nusu naitupa.

Saa 11:00 napima plastiki tena. Buluu tupu. Nazima leza.