Nilivyoielewa Vabank bila tafsiri ya maandishi

Mwaka wangu wa kwanza mjini Łódź, nilipokuwa nikijifunza Kipolandi kabla ya kuanza chuo kikuu, kaka mmoja aliyetutangulia huko alinishauri nitazame filamu za vichekesho huku nikiandika kila neno nisilolijua. Ushauri huo nusura unirudishe Tanga.

Nilinunua diski ya Vabank, filamu ya Juliusz Machulski ya mwaka 1981, kwa zloti kumi na kitu. Baada ya saa mbili nilikuwa na kurasa tisa za maneno na dakika kumi na mbili tu za filamu, kwa sababu kila mtu alipofungua mdomo niliisimamisha picha, na kichekesho kinachokatwakatwa hakimchekeshi mtu. Mwenzangu wa chumbani, Mpolandi aliyekuwa akitafuta usingizi, alilalamika kwamba kwa muda ule Kwinto, shujaa wa filamu hiyo, angekuwa ameshavunja benki mbili.

Usiku uliofuata nilizima sauti kabisa, na Warszawa ya mwaka 1934 ikaanza kujieleza yenyewe. Kwinto, bingwa wa kufungua masefu na mpiga tarumbeta, anatoka jela na kukuta rafiki yake amekufa, huku Kramer, mshirika wake wa zamani aliyemsaliti, amekuwa bwana mkubwa mwenye benki. Moks na Nuta, vijana wenye pupa, wanataka kuivunja benki hiyo, na Duńczyk ndiye fundi wa ving'ora. Kwinto anaigizwa na Jan Machulski, baba mzazi wa mwongozaji, na utulivu wa uso wake wakati wale vijana wakihangaika ndio kichekesho chenyewe. Nilicheka bila kusikia neno hata moja.

Usiku wa tatu niliifunika skrini kwa taulo, nikasikiliza tu. Kwa kuwa tayari nilijua nani anamtegea nani mtego, maneno yalianza kujipanga: „sejf” nililisikia kama sefu letu, „policja” halikuhitaji kamusi. Lililonishinda ni „kasiarz”, mvunja masefu, mpaka nilipogundua kwamba linatokana na „kasa”, ambalo ni ndugu wa mbali wa kasha letu tulilopewa na Wareno. Nikajiambia: kasiarz ni mtu wa makasha. Kwa ufunguo huo mmoja nilifuata njama nzima ya kumbambikia Kramer wizi wa benki yake mwenyewe, na nikiri kwamba nilitembea kwa maringo wiki nzima.

Maringo hayo niliyapeleka hadi benki, siku niliyokwenda kulipia bweni. Mhudumu wa dirishani huitwa „kasjer”, jambo ambalo sikuwa nimelitilia maanani, nami kwa Kipolandi changu kipya nikamwomba mlinzi, kwa adabu zote, anionyeshe alipo kasiarz. Mzee huyo alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, kisha akaniuliza kama nimekuja na tarumbeta.