Kwenda Mandara na Kurudi Wakati wa Masika

Wakazi wengi wa Moshi huutazama Mlima Kilimanjaro kila siku bila kuukanyaga, na wale wachache wanaoupanda husubiri Januari au Julai, hali ya hewa inapokuwa tulivu na njia kavu. Mimi hupendelea kuingia msituni wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, kwa matembezi ya kutwa kutoka geti la Marangu hadi kituo cha Mandara na kurudi. Si kwamba napenda kulowa kuliko mtu mwingine yeyote. Ninakwenda wakati huo kwa sababu ndipo mtu anapoweza kuuona mlima ukifanya kazi yake kubwa, yaani kuyapokea maji, kuyahifadhi na kuyagawa.

Safari yenyewe haihitaji maandalizi ya wiki nzima. Daladala za Moshi hufika Marangu Mtoni, na kutoka hapo bodaboda hukupandisha hadi getini kupitia mashamba ya migomba na kahawa. Geti liko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,860, na Mandara iko karibu mita 2,700, kwa njia ya kilomita nane hivi. Utaandikishwa, utalipa kiingilio, na utapanda pamoja na mwongozaji mwenye leseni, kwa kuwa hairuhusiwi kuingia hifadhini peke yako. Wakati wa kiangazi watu hupanda kwa saa tatu au nne. Wakati wa masika ongeza saa moja, na ufike getini asubuhi mapema, kwa maana mara nyingi mawingu huanza kupanda kutoka tambarare kabla ya adhuhuri, na mchana msitu wote huwa ndani ya ukungu.

Mvua ya mlima huu haikugawanywa sawasawa. Moshi mjini hupata chini ya milimita 1,000 kwa mwaka, na kilele cha Kibo kiko juu ya mawingu mengi kiasi kwamba ni pakavu kama jangwa, lakini msitu wa miteremko ya kusini hupata zaidi ya milimita 2,000. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hukutana na mlima, hulazimika kupanda, hupoa, na kuyamwaga maji yake papo hapo. Ukanda unaonyeshewa zaidi uko kwenye mwinuko wa mita 2,000 na kidogo, na njia ya Mandara inaupasua katikati. Kwa hiyo anayelalamika kwamba amenyeshewa njiani amelalamikia jambo lililoufanya msitu huo uwepo.

Jambo ambalo nimewaonyesha wageni wangu karibu kila mara liko baada ya daraja la Kisambioni, mahali ambapo wapandaji hupumzika na kula. Mvua ikishakatika na ukungu ukabaki, simama katikati ya njia palipo wazi, kisha sogea hatua chache chini ya mti mkubwa uliojaa ndevu za kijani zinazoning'inia matawini. Pale wazi hudondokewi na kitu, lakini chini ya mti kuna mvua. Ukiikaribia ndevu moja na kuitazama kwa utulivu, utaona vitone vidogo mno vya ukungu vikinasa kwenye nyuzi zake, vikiungana, vikiteremka hadi kwenye ncha, vikining'inia kwa muda, halafu kimoja kikubwa kikianguka. Kila tawi lina mamia ya ndevu hizo, pamoja na makangaga na mimea mingine inayoota juu ya magome, na udongo ulio chini yake huloa hata siku ambayo kipimo cha mvua kilichowekwa mahali pa wazi hakitapata kitu.

Kwa sababu hiyo huwa nashangaa tunapozungumza kuhusu Kilimanjaro kana kwamba mlima mzima ni ile theluji. Kupungua kwa barafu ya Kibo ni jambo la kusikitisha, na picha zake ndizo zinazouza, lakini maji ya mito na chemchemi za mlima huu hutoka kwa sehemu kubwa kabisa msituni, wala si kwenye barafu. Maji hayo ndiyo yanayoingia katika mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa na Wachagga kwa vizazi vingi ili kumwagilia vihamba, mashamba yao ya nyumbani, ndiyo yanayokwenda hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani huyapeleka kwenye mitambo ya umeme ya Hale na Pangani kabla hayajafika baharini. Moto ulioanzia eneo la Whona, kati ya Mandara na kituo cha juu zaidi cha Horombo, mnamo Oktoba 2020, uliripotiwa sana kwa sababu moshi wake ulionekana kutoka mbali. Hasara ambayo haikuzungumzwa vya kutosha ni vichaka vyenyewe vilivyoungua, ambavyo navyo huunasa ukungu. Moto unaporudia rudia kwenye ukingo wa juu wa msitu, ukingo huo hushuka, na mlima hupoteza sehemu ya vyanzo vyake vya maji bila mtu aliye bondeni kuona chochote.

Sasa nizungumzie mavazi, kwa kuwa ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi. Adui wa kwanza katika matembezi haya ni jasho. Mtu huvaa koti zito la mvua getini, hupanda kwa kasi, na baada ya nusu saa shati lake la pamba limelowa kutoka ndani huku koti likiwa zima kabisa kutoka nje. Pamba ikishalowa haikauki msituni. Halijoto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda, maana yake Mandara ni baridi kuliko Moshi kwa nyuzi kama 11, na ukiongeza upepo na nguo mbichi, mwili huanza kutetemeka mara tu unapoketi. Vaa nguo ya ndani ya sufu au ya kitambaa cha michezo kinachokauka haraka, fungua zipu ya koti unapopanda hata kama manyunyu yanaingia kidogo, na weka sweta kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, ambalo hutalivaa mpaka umefika juu. Soko la mitumba la Memorial pale Moshi lina masweta ya sufu mazuri kuliko unayoweza kuyapata dukani, na bei yake ni ya kuelewana. Makoti ya nailoni nyepesi yanayouzwa barabarani huchanika kwenye mwiba wa kwanza, na vipande vyake hubaki msituni, jambo linaloniudhi kuliko matope yote.

Kuhusu viatu, kuna ubishi usiokwisha kati ya wapenda buti za ngozi na wapenda gambuti. Wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu, nimewaona wakipita na aina zote mbili, na wengine na raba zilizochakaa, tena na mizigo kichwani, kwa hiyo sitajifanya kwamba kiatu ndicho kinachompandisha mtu. Kwa wengine wetu, buti yenye meno marefu na iliyokwisha kuvaliwa siku nyingi ndiyo bora. Udongo wa hapa ni wa kivolkano, mwekundu na laini, na ukilowa huwa kama sabuni juu ya mizizi ya miti. Usikanyage mzizi ulioinama kuelekea bondeni, hata kama unaonekana ngazi nzuri. Kanyaga udongo ulio nyuma yake. Fimbo mbili husaidia zaidi kuliko moja, hasa wakati wa kuteremka.

Mvua haiwafukuzi wanyama. Mbega hukaa kwenye matawi ya juu wakiwa wamejikunyata, manyoya yao meupe ya mabegani yakiwa yamelala kama shuka lililolowa, na huwa rahisi zaidi kuwaona kwa sababu hawana haraka ya kuondoka. Kando ya vijito huota ua dogo ambalo wataalamu huliita Impatiens kilimanjari, na ambalo halioti porini popote pengine duniani. Ni dogo kuliko kidole gumba, jekundu, lenye mkia uliojikunja wenye rangi ya manjano, na wakati wa masika hulazimiki kulitafuta, kwani linakutazama kutoka kila ukingo wa njia. Angalia pia chini, kwa sababu siafu nao huhama wakati wa mvua na hukatisha njia kwa safu ndefu.

Mandara yenyewe ni uwanja wa nyasi wenye vibanda vya mbao vyenye paa za pembe kali, na jina lake ni la Mangi, yaani chifu wa Wachagga, aliyekuwa maarufu Moshi katika karne ya 19, aliyeitwa pia Rindi. Wakati wa ukoloni wa Wajerumani kituo hiki kiliitwa Bismarck, na sidhani kama kuna anayelikumbuka jina hilo kwa huzuni. Badilisha nguo kwanza, kisha ndipo unywe chai. Ikiwa kuna mwanga, nenda hadi ukingo wa kreta ya Maundi, mwendo wa dakika 15 hadi 20, ambako msitu huisha na anga hufunguka. Siku ambayo mawingu yamepasuka baada ya mvua ya usiku, utakiona kilele cha Mawenzi kikiwa kimenyunyiziwa theluji mpya, ambayo mara nyingi huyeyuka kabla ya jioni, na Kibo ikiwa nyeupe kuliko inavyoonekana kiangazi chote. Ukisikia radi, usiende Maundi kabisa, kwa sababu hakuna mti mrefu kuliko wewe pale juu.

Anza kuteremka kabla ya saa nane mchana. Magoti huchoka katika kilomita mbili za mwisho, na ndipo wengi huteleza, kwa kuwa wamekwisha kuanza kufikiria kuhusu mtori wa Marangu Mtoni. Mtori huo unastahili kufikiriwa, ila daladala za mwisho za kurudi Moshi hazisubiri mtu amalize bakuli, hivyo muulize kondakta kwanza.