Maonyesho yalijaa watu, lakini yalifana kwa nani? Nilivyofanya tathmini ya maonyesho ya ujenzi

Mabanda yalikuwa hayajang'olewa, na tayari mkurugenzi alikuwa na sentensi yake ya kuwapa waandishi wa habari: maonyesho yamefana, watu wamefurika. Kwangu alitaka ripoti ya tathmini ya kuiunga mkono. Nilimwomba kwanza tukubaliane yamefana kwa nani.

Mwandaaji, yaani sisi, hufurahi akiuza eneo lote. Kampuni iliyokodi banda hufurahi ikiondoka na wateja. Mkandarasi aliyeacha kazi saiti ili aje hufurahi akipata jibu la tatizo lililomleta. Furaha ya mmoja huweza kuwa kilio cha mwingine: tukiuza nafasi nyingi mno kwa wauzaji wa bidhaa ileile, sisi tunapata na wao wanagombania wateja walewale. Ripoti inayowachanganya hawa watatu katika alama moja haimsaidii yeyote.

Nilianzia mlangoni, kwa kuwa huko ndiko idadi inakovimba. Mashine za kusoma beji zilikuwa zinahesabu kila kuingia. Aliyekuja siku zote alihesabiwa kila siku, na aliyetoka kula akarudi alihesabiwa tena. Humohumo walikuwamo wahudumu wa mabanda, wapishi, mafundi umeme na wanafunzi walioletwa kwa mabasi. Nikawatenganisha: huku watu, kule ziara zao, na wahudumu kando kabisa. Idara ya masoko haikufurahi. Kilichoniokoa ni kiwango cha ISO 25639 cha mwaka 2008, kinachoweka istilahi na njia za kupima takwimu za maonyesho. Ugomvi ulikoma kuwa kati yangu na wao. Hata UFI, chama cha kimataifa cha sekta ya maonyesho kilichoanzishwa mwaka 1925, hutaka takwimu zikaguliwe kabla ya kuyapa maonyesho nembo yake.

Mita za mraba nazo zina ujanja wake, hasa katika ujenzi. Kreni moja na ekskaveta mbili huchukua uwanja wa nje ambao ungetosha wauzaji kadhaa wa vitasa, rangi na nondo. Kampuni zinaweza kupungua na eneo likaongezeka. Nikaandika eneo la ndani na la nje mbalimbali, na kando yake idadi ya kampuni.

Mkurugenzi alitaka pia tulinganishe na toleo lililopita. Nilimwonyesha bauma ya München, Ujerumani, maonyesho makubwa kuliko yote ya mitambo ya ujenzi, yanayofanyika takriban kila miaka mitatu. Mwaka 2019 yalipata wageni zaidi ya 620,000. Mwaka 2022 wakawa kama 495,000, na mwaka 2025 wakarudi karibu 600,000. Anayesoma tarakimu tupu atasema mwaka 2022 yaliporomoka. Lakini janga la korona lilikuwa limeyasogeza kutoka Aprili hadi Oktoba, na bado wasafiri wa baadhi ya nchi walikuwa wamebanwa. Tena katika miaka mitatu riba za mikopo hupanda na kushuka na miradi mikubwa huanza na kwisha. Kwa hiyo kila tofauti niliyoiandika niliiwekea maelezo ya hali ya soko la ujenzi mwaka ule, na pale nisipokuwa na maelezo niliiacha bila kuisifu wala kuilaumu.

Ubora wa wageni ulinisumbua zaidi. Fomu ya kujiandikisha iliuliza kama mhusika ana kauli katika ununuzi, na kama ilivyotarajiwa, karibu kila mtu alikuwa bosi. Nililinganisha majibu yale na vyeo vyao. Mshauri mmoja alitaka niwaondoe mafomeni, yaani wasimamizi wa mafundi saiti, na waendesha mitambo kwa kuwa hawasaini hundi. Nilikataa. Katika kazi hii mwendesha mtambo akisema mashine fulani inamchosha mgongo au vipuri vyake havipatikani, mwenye kampuni husikiliza.

Kisha nikayarudia madai ya mabanda yenyewe. Kampuni moja ilijivunia kupata wateja watarajiwa elfu moja kwa siku. Nilichukua kalamu. Wahudumu wanne, saa nane za kazi, mazungumzo matano ya maana kwa saa kwa kila mhudumu: 160, tena kama hakuna anayekwenda chooni. Elfu moja ile ilikuwa ya beji zilizoskaniwa, wakiwemo waliofuata kofia za bure. Hesabu hii ndogo naipenda kuliko dodoso lolote, maana inampa mwenye banda kipimo chake mwenyewe: gharama yote ya kushiriki, kuanzia nafasi hadi usafirishaji wa mitambo na malazi ya wahudumu, igawanywe kwa mazungumzo yenye maana, si kwa beji.

Mikataba iliyotiwa saini mbele ya kamera niliipa kurasa chache. Mikataba mingi ya namna hiyo huwa imekubaliwa mapema, ikawekwa akiba ili picha ipendeze. Niliuliza kitu kingine: kati ya mliozungumza nao kwa uzito, wangapi hamkuwajua kabla? Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha maonyesho yameleta nini ambacho simu isingeleta.

Kuhusu kuridhika, tulikuwa na desturi ya kugawa dodoso alasiri ya siku ya mwisho, watu miguu ikiwauma na malori ya kupakia yakisubiri nje. Nguvu ya zege kwa kawaida huamuliwa kwa matokeo ya siku ya 28, haiamuliwi jioni lilipomwagwa, na mauzo ya mitambo hukomaa polepole kuliko zege. Dodoso lile nililiacha liwe fupi, la mambo ya umeme, maegesho na usafi. Maswali ya biashara niliyapeleka miezi kadhaa mbele, kwa simu. Lile swali mashuhuri la "ungetupendekeza kwa mwenzako, kuanzia 0 hadi 10?" nililiweka, ila kwa tahadhari. Kanuni yake huwatoa wanaosema 0 hadi 6 kutoka kwa wanaosema 9 na 10, na wanaosema 7 na 8 hawaongezi upande wowote. Watu wetu wa ujenzi ni wagumu wa sifa. Wengi walitupa 8 na kulipia nafasi ya toleo lijalo.

Hilo la kulipia ndilo nililolitegemea kuliko yote. Sikuhesabu waliosaini fomu ya kurudi wakiwa uwanjani, kwa kuwa walishawishiwa na punguzo. Nilihesabu walioweka malipo ya awali baada ya punguzo kwisha, na nikawahesabu kando walioshiriki mara ya kwanza. Mkongwe hurudi hata kwa mazoea, akiogopa mshindani atauliza yuko wapi. Aliyeshiriki mara ya kwanza hana mazoea hayo. Kundi hilo ndilo lililonishtua, kwani waliorudi walikuwa wachache kuliko tulivyotarajia.

Basi nikawapigia waliogoma kurudi. Wengine walikuwa wamepewa wakala wa kuwawakilisha, wengine bajeti zimekatwa, na hayo hatukuwa na la kufanya. Lakini wauzaji wadogo wa vifaa vya kufungia zege na viungio vya mabomba walisema jambo lilelile kwa maneno tofauti. Mzee mmoja alinieleza, "Kijana wangu, mliniweka nyuma ya ukumbi wa mitambo. Watu walifika pale wakiwa wamechoka, wakauliza choo kiko wapi." Nilirudi kwenye hesabu za milango ya kumbi: ukumbi wao ulipata watu wengi baada ya saa tisa, wakati wa kuondoka.

Ripoti ilitoka bila alama ya jumla. Mkurugenzi alibakiza sentensi yake, ila chini yake zikawekwa tarakimu mbili, watu na ziara. Ramani ya toleo lijalo ilihamisha mlango mkuu upande wa kumbi za vifaa vidogo, na wenye kreni ndio wa kwanza kulalamika.